Makaa Yaliyokwisha Kunywa

Kipimo kilisoma sifuri.

Aikande akakifuta kwa upindo wa kanga, akakichomeka tena ndani ya gunia na kuhesabu polepole hadi kumi. Sifuri. Akahamia gunia la pili, kisha la tatu, kisha akapanda juu ya rundo na kuchomeka kwenye magunia ya nyuma kabisa, yale yaliyoingia humo kabla yeye hajaajiriwa. Sifuri tena. Alishuka taratibu huku vumbi jeusi likimwingia puani, akasimama katikati ya Shimo la Mapumziko bila kujua afanye nini na mikono yake.

Shimo lile lilichongwa kwenye mwamba, likapakwa udongo wa mfinyanzi chini na ubavuni, likaezekwa bati. Kila gunia lililokuwa mle lilipaswa kuwa limejaa sumu. Ndiyo ilikuwa kazi ya shimo. Maji yanayoteremka kijijini Urisho kutoka Mlima Meru yana floridi nyingi, na wazee waliokua wakiyanywa walikuwa na meno ya rangi ya chai na magoti yasiyonyooka. Halafu yakaja makaa hai. Watu walichoma mifupa ya ng'ombe katika mapipa yasiyopitisha hewa, ikatoka ikiwa myeusi na miepesi, imejaa vitundu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na ndani ya vitundu hivyo wakamwagia chachu, yaani vijidudu vilivyotengenezwa maabara ambavyo kazi yao maishani ni moja tu: kuikamata floridi na kuishikilia. Kila nyumba ilikuwa na gunia lake katika chujio la kijiji. Baada ya miezi mitatu makaa hushiba. Mwenye gunia huyatoa, huyaleta hapa shimoni, na hapa hupumzika milele.

Magunia mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yanapumzika. Ndani yake hamkuwa na sumu.

Akapiga simu mjini, kwa mkuu wake.

"Shikamoo, Bwana Kitomari."

"Marahaba. Mbona asubuhi hivi? Kuna nini?"

"Shimo halina floridi."

"Hebu rudia."

"Magunia yapo, idadi ni sawa na ya daftari, na uzito ni sawa. Lakini ndani hamna floridi, hata chembe."

"Kipimo kibovu hicho."

"Nimekijaribu kwa maji ya mto. Kimesoma kumi na nane, kama siku zote."

"Na maji ya bomba wanayokunywa?"

"Nusu. Safi kabisa."

"Sasa binti, inaingia kumi na nane, inatoka nusu, na shimoni haipo. Imekwenda wapi? Floridi haina miguu."

"Nitaangalia," alisema Aikande.

Lilikuwa jibu lake tangu shule ya msingi. Wenzake waliposema hatujui, yeye alisema nitaangalia, na walimu walimpenda kwa hilo. Kusema hajui kulimfanya asikie joto masikioni na macho ya watu wote mgongoni, hata kama aliyemwuliza ni mmoja.

Alifungua gunia lililokuwa karibu na kutoa kipande. Makaa ya mifupa yakigongwa hulia kama kigae. Hiki hakikulia. Kilivunjika vidoleni, laini, na upande wa ndani kilikuwa na vishimo vilivyojipanga mistari kwa mistari. Alikitazama muda mrefu kabla akili yake haijakubali kile macho yalichokwisha kuona. Kilikuwa gunzi la mahindi.

Akafungua gunia jingine, na jingine, na jingine. Magunzi yote. Mtu, au watu, walikuwa wamejaza shimo la sumu kwa makaa safi ambayo yangeweza kulisha shamba la migomba, na makaa yenye sumu wameondoka nayo. Nani anaiba sumu na kuacha mbolea? Alijaribu kulifikiria jambo hilo kutoka kila upande, na kila upande lilikataa.

* * *

Njia ya kurudi kijijini ilipita katikati ya mashamba ya kahawa na migomba. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala, na kuta za nyumba zilikuwa kazini. Hilo ndilo lililowafanya watu wa mjini waje Urisho na kupiga picha: nyumba nyeusi za matofali ya makaa ya kawaida, udongo na chokaa, ambazo huvuta ukungu usiku kucha na kuutiririsha kupitia mfereji mwembamba chini ya ukuta hadi kwenye mtungi. Maji ya ukuta ni laini. Hayaachi ukoko kwenye sufuria, na kila mama wa Urisho huyaweka akiba kwa uji wa mtoto.

Mzee Nnko alikuwa amekaa mbele ya lango lake, anajaza pipa lake la kuchomea.

"Daktari wa makaa!" aliita. "Uso huo! Umekuwa kama sufuria ya msibani."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, marahaba. Nawa kwanza, usije ukanitishia kuku."

Aikande alicheka kidogo, kisha macho yake yakatua kwenye kilichokuwa kinaingia katika pipa. "Babu, magunzi yote haya ni ya nini? Shamba lako lenyewe ni robo eka."

"Si ya shamba. Ni ya kwenu."

"Ya kwetu wapi?"

"Shimoni. Si mnataka magunia? Basi tunawapa magunia." Alikandamiza magunzi kwa kiganja, mwenye raha kabisa. "Mwaka jana nilichomea nyumba sita. Mama Sifaeli hana pipa, na wale wa bondeni nao ni wavivu."

"Na makaa ya mifupa, babu? Yale yaliyotoka kwenye chujio?"

Mzee Nnko alimtazama kama anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Hayo kamwulize shangazi yako. Mimi nimeoa hapa tu. Mambo ya ng'ombe wa wanawake siyaingilii."

* * *

Shangazi Elinaike alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke mrefu wa sauti ya chini ambaye hakuhitaji kuipandisha. Ndiye aliyemlea Aikande tangu darasa la tatu, akamlipia chuo kwa kahawa, na siku aliporudi na cheti cha utaalamu wa makaa hai alikitundika sebuleni juu ya picha yake mwenyewe ya harusi.

"Umekunywa chai?"

"Bado, shangazi."

"Kaa."

Namnyaki, mjukuu wa shangazi, alikuwa anakimbiza kifaranga uani. Mama yake hufanya kazi Arusha na huja mwisho wa wiki, kwa hiyo mtoto hulala na bibi. Alikuwa na miaka mitatu. Aikande alimwona kila siku, na labda ndiyo sababu hakuwahi kumwona. Leo, akiwa na magunzi kichwani, alimtazama kama anavyotazama kitu anachotakiwa kukipima. Mtoto alikimbia akiwa ameachanisha magoti. Miguu ilitoka nje na kurudi ndani, kama mikono ya koleo.

"Shangazi, miguu ya Namnyaki..."

"Ni matege tu. Hata wewe ulikuwa nayo. Atanyooka."

Aikande hakuwahi kuwa nayo. Alizishika kingo za kiti. "Shangazi, makaa ya mifupa mnayapeleka wapi?"

"Yapi?"

"Yaliyokwisha kunywa."

Shangazi hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kumenya. "Ya kwangu yako hapo," akasema, akaonyesha kwa kisu ukuta wa chumba cha watoto. "Hapo kuna Machozi, ng'ombe niliyepewa na mama nilipoolewa. Juu yake pale ni ndama wake. Wa Mama Sifaeli yuko kwenye ukuta wake wa sebuleni. Ulitegemea tufanye nini, mwanangu? Mifupa ya ng'ombe wa mama yangu niichukue nikaitupe shimoni pamoja na ya watu, kama takataka? Anayekula na wewe miaka kumi na mitano humtupi."

"Lakini magunia..."

"Serikali inataka magunia. Tukawapa magunia. Magunzi nayo ni makaa, nani amepungukiwa?"

Aikande alisimama. Hakukumbuka kuwa amesimama. Aliingia chumba cha watoto, kilichonukia maziwa na chokaa. Ukuta ulikuwa mweusi, unang'aa kwa unyevu, na chini ya mfereji kulikuwa na mtungi wenye kikombe cha plastiki cha Namnyaki juu yake. Alitumbukiza kipimo.

Kumi na nne.

Akakikung'uta na kutumbukiza tena. Kumi na nne. Kiwango salama ni moja na nusu. Lakini hili nalo halikueleweka. Chachu hushika. Floridi ikishaingia katika makaa hai haitoki, ukungu hauwezi kuitoa, hata mvua ya masika haiwezi. Chuoni walikuwa na njia moja tu ya kuyalazimisha makaa yateme, nayo ni kuyalowesha kwenye...

"Shangazi," aliita, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Ukuta huu mnauosha kwa kitu gani?"

"Kwa magadi, kila mwezi. Usipoosha unachafua nguo za mtoto." Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anajifuta mikono. "Kwani kuna nini?"

Aikande akamweleza. Alieleza vibaya, akianza mwishoni na kurudi nyuma. Magadi huifungua mikono ya chachu. Makaa yanatema kile yalichokunywa mtoni, ukungu unakibeba, mfereji unakileta. Mtoto anapewa kikombe. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akatazama mtungi, kisha akamtazama yeye, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na mshangao tupu.

"Lakini Aikande, si wewe ulisema?"

"Nilisema nini?"

"Siku tunajenga chumba hiki. Nilikuuliza. Ukasema hayana neno."

* * *

Ilimrudia vipande vipande. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, amekuja likizo. Wanawake kama ishirini wanakandika ukuta wa chumba cha mtoto atakayezaliwa, wanacheka, wanampigia vigelegele kila anapobeba ndoo kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshalainika. Shangazi, na makaa kwenye karai: "Haya, msomi wetu. Haya yaliyokwisha kunywa, yakikaa ukutani, yana neno?" Vicheko vikanyamaza. Nyuso ishirini. Somo la makaa yaliyoshiba lilikuwa la muhula uliofuata. Masikio yalimchoma moto. Angeweza kusema nitaangalia, lakini karai lilikuwa linamngoja na udongo ulikuwa unakauka.

"Hapana, shangazi," alisema, akitazama vidole vya miguu yake. "Hayana neno."

Vigelegele vikaanza tena. Yeye alirudi chuoni na kusahau. Sentensi yake ikabaki Urisho na kwenda nyumba kwa nyumba. Binti wa chuo amesema. Nyumba arobaini na moja.

Alimpigia Bwana Kitomari akiwa nyuma ya zizi, ambako hakuna aliyeweza kumsikia isipokuwa mbuzi. Alimweleza juu ya magunzi, kuta na magadi. Hakumweleza juu ya karai.

"Zibomolewe," alisema Kitomari. "Zote, kabla ya masika. Makaa yarudi shimoni. Lakini watakubali? Kuta hizo ndizo fahari yao."

"Nitazungumza nao."

"Wewe, ndiyo. Nikimtuma mtu wa mjini watampa chai na kumsindikiza. Ila nisikilize. Ripoti itauliza nani aliwaambia ni salama. Wanakijiji hawakuota tu. Kama kuna mtaalamu aliyewashauri, cheti chake kinasimamishwa siku hiyo hiyo. Umesikia fununu yoyote?"

Mbuzi alikuwa anatafuna kamba. Aikande alimtazama akitafuna.

"Nitaangalia," akasema.

Shangazi alikuwa anamngoja kwenye ngazi za jikoni, na alikuwa ameshafikiri. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Wengine walilia kwanza.

"Jumapili, baada ya mnada wa kanisani, nitaita watu," alisema. "Nitawaambia ni mimi. Mimi ni mwenyekiti, mimi niliweka makaa hayo ukutani wa kwanza, wengine wakaniiga. Wewe hukusema kitu."

"Shangazi, nilisema."

"Nani anakumbuka? Wanakumbuka 'binti wa chuo', na mabinti wa chuo wamepita wengi. Mimi watanitoa uenyekiti, basi. Nimekaa miaka tisa, hata mgongo umechoka. Lakini wewe wakikutoa, nani atawaambia wapi pa kugonga na wapi pa kuacha? Nani atampima Namnyaki?"

"Watakuchukia."

"Wataacha. Wananidai mbegu, watarudi."

Ilikuwa na mantiki, na hapo ndipo Aikande alipopotea kabisa. Akisema kweli, atanyang'anywa cheti, na watu watauliza kwa nini wamwamini mara ya pili mtu aliyewadanganya mara ya kwanza. Kuta zitabaki na watoto wataendelea kunywa. Akinyamaza, kuta zitabomolewa, watoto watapona wale wanaoweza kupona, na mwanamke aliyemlea atatembea Urisho akiitwa aliyetulisha sumu. Alitaka mtu amwonyeshe lipi kati ya hayo mawili ni jema. Alimtazama shangazi, kama alivyozoea, na shangazi alikuwa tayari amerudi kumenya ndizi.

* * *

Jumapili ibada ilikwisha saa tano. Watu wakamiminika uwanjani na mnada ukaanza, kwa kuwa sadaka za Urisho nyingi huletwa zikiwa hai au zikiwa kwenye mkungu. Mzee Nnko ndiye dalali. Aliuza mkungu wa ndizi za mshare, akauza trei mbili za mayai, akamnyanyua jogoo na kusema huyu kaimba kwaya miaka minne, apewe mtu mwenye heshima. Watu walicheka. Aikande alikaa kwenye ukingo wa benchi la akina mama, mikono mapajani, akiwahesabu watoto. Hakukusudia. Alihesabu waliokimbia wakiwa wameachanisha magoti. Alipofika tisa aliacha.

Jogoo alipopata mwenyewe, Shangazi Elinaike akasimama.

"Ndugu zangu, msiondoke. Kuna jambo zito." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini, na uwanja mzima ukanyamaza kuisikia. "Maji ya kuta zetu yana floridi. Tena nyingi. Makaa tuliyoyarudisha nyumbani ndiyo yanayoitoa. Kosa hili nimelifanya mimi, kwa kuwa mimi ndiye..."

"Siyo shangazi."

Aikande alishangaa kusikia sauti yake. Alikuwa amesimama. Masikio yalikuwa yanawaka kama siku ile ya karai, na kila uso wa Urisho ulikuwa umegeuka.

"Aliniuliza mimi," alisema. "Mbele yenu. Mama Sifaeli ulikuwepo. Mama Ndewario ulikuwepo, ulikuwa umeshika chepe. Nikasema hayana neno. Nilikuwa sijafundishwa. Nilikuwa sijui, nikaona aibu kusema sijui. Ndiyo hivyo tu. Hakuna sababu nyingine."

Jogoo alijipapatua kwapani mwa mnunuzi wake.

"Ngoja," alisema Mama Sifaeli polepole. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. "Ngoja nielewe. Huyu wangu nimempa maji ya ukuta tangu ananyonya. Kwa sababu yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa unasemaje?"

"Kuta zibomolewe. Siyo zote, zile tu zenye makaa ya mifupa. Na magadi msioshee tena, kuanzia leo. Mtumie maji ya bomba."

"Wakati ule ulisema tuweke, tukaweka. Leo unasema tubomoe, tubomoe. Mwakani utasema nini?"

"Sijui," alisema Aikande.

Mtu nyuma alicheka, kicheko kibaya. Mwingine akasema huyo si mtaalamu, ni mpiga ramli. Mzee Nnko alijaribu kusema kwamba mtoto ni mtoto, na Mama Ndewario akamwambia anyamaze, yeye na magunzi yake. Sauti zikapandana. Kuna aliyetaka aitwe mtu wa mjini. Kuna aliyesema ukuta wake ameujenga kwa miaka miwili na haubomoi kwa neno la mtu asiyejua. Aikande alisimama pale, akaona kile alichokiogopa nyuma ya zizi kikitokea mbele yake, hatua kwa hatua: amesema kweli, na kweli imewafanya waache kusikia. Namnyaki alikuwa amekuja kushika sketi yake, akimtazama kwa chini kama anayengoja kubebwa. Alimbeba. Hakujua kingine cha kufanya.

"Basi mniulize na mimi," alisema shangazi.

Walimgeukia, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nilimwona," alisema shangazi. "Siku ile. Nilimwuliza, akatazama vidole vya miguu. Mimi nimemlea huyu. Akijua kitu anakutazama usoni, hata kama anatetemeka. Akiwa hajui anatazama vidole. Niliona kwamba hajui." Kwa mara ya kwanza Aikande alimwona akitafuta maneno. "Lakini nilikuwa na Machozi kwenye karai. Nilitaka kuambiwa hayana neno. Ningemwuliza mtu mzima mwenye cheti, angeniambia nipeleke shimoni. Kwa hiyo nikamwuliza mtoto mwenye aibu, mbele ya watu ishirini. Na ninyi mliokuwepo, msinitazame hivyo. Mlitaka jibu lile lile."

Mama Ndewario aliinamisha kichwa. Mama Sifaeli hakuinamisha. Alimtazama shangazi, akamtazama Aikande, akamtazama mtoto wake wa mkononi aliyekuwa amesimama akiwa ameachanisha magoti, na hakuna aliyeweza kusema kama alikuwa amesamehe mtu yeyote.

Shangazi alifunga kanga yake kiunoni na kuondoka. Hakusema anakwenda wapi. Watu waliangaliana, kisha wachache wakamfuata, kisha wengi, na Aikande akajikuta anasukumwa pamoja nao, Namnyaki kiunoni, kwenye njia ile ile ya migomba.

Walipofika, shangazi alikuwa ameshavuta vitanda katikati ya chumba cha watoto na kuumwaga mtungi nje. Alikuwa na mtaimbo. Alimpokonya Aikande mtoto, akampa bibi mmoja aliyekuwa karibu, na kumkabidhi mtaimbo.

"Haya. Wewe ndiye unayeujua ukuta. Gonga wapi?"

Aikande aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi na umelowa. Alitafuta mshono kati ya matofali ya makaa ya mifupa na yale ya kawaida, na vidole vilipoupata alimtazama shangazi usoni.

"Hapa. Mpaka pale. Chini ya dirisha tusiguse, yale ni ya magunzi."

"Una hakika?"

"Ya hapa, ndiyo. Ya kwenu wengine," akageukia mlango uliojaa watu, "itabidi nipime kwanza, nyumba kwa nyumba. Na mjini nitaandika jina langu. Huenda kesho kutwa nikawa sina ruhusa ya kupima. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kukishika kipimo aje leo."

Kisha Mama Sifaeli akamkabidhi mwenzake mtoto wa mkononi, akaingia, akasimama karibu na ukuta bila kusalimu.

"Nionyeshe," alisema. "Nitapima mwenyewe. Na ukuta wangu nikiukuta safi, wewe na mimi tutazungumza vingine."

"Sawa, mama."

Aikande akagonga. Tofali la kwanza lilikataa, la pili likapasuka, na makaa yakamwagika sakafuni yakilia kama vigae. Mtu alileta gunia jipya. Shangazi Elinaike alipiga magoti, lakini hakuyakusanya kwa chepe kama watu wanavyokusanya kifusi. Alichagua kipande kimoja kimoja, akakipangusa chokaa kwa kidole gumba, akakitia gunia. Vile vya ndama aliviweka kando, kwenye kanga yake.

"Huko shimoni," aliuliza bila kuinua macho, "wanaweza kukaa pamoja, yeye na mwanawe?"

Aikande alipiga magoti kando yake na kulishikilia gunia wazi. Nyuma yao Mama Sifaeli alikuwa anageuzageuza kipimo, akiuliza kwa hasira kitufe cha kuwashia kiko wapi.